Kovu la Sarahani

Kitabu cha tisa hakijatoka.
Mwaka wa kumi na moja huu, na mwandishi wake,
mzee wa nchi ya baridi mwenye shamba la matufaha,
kila akiulizwa husema: mwakani, inshallah.
Hiyo inshallah naitia mie ninapomfasiria Shangazi Mize,
maana bila ya hiyo hatomuamini.

Tulianza Jadida, Wete, mwaka niliofeli kidato cha nne.
Cha kwanza kilikuja na sanduku la msaada, skuli,
hakina jalada, kina muhuri wa maktaba ya mji nisioujua.
Yeye anashona kofia,
mie nakisoma Kiingereza kimoyomoyo
nakitoa Kipemba kwa sauti.
Kurasa sitini, kofia nusu.

Majina yalimshinda, akayasilimisha.
Serevin, mlinda daraja mwenye kovu la shavuni, akawa Sarahani.
Malkia Ormadel, Mwana Omari.
Ndege wa mawe wakabaki ndege wa mawe,
ila usiku kikigonga kitu kwenye bati:
"Hebu chungulia, asije akawa mmoja wao."

Theluji ilinitoa jasho.
Nikamwambia ni ile barafu inayoota ndani ya friji la Bi Asaa
umeme ukikaa wiki bila kukatika;
basi tia milima, tia mabonde.
Akatunga uzi kwenye sindano.
"Basi hao watu wana njaa."
Na kweli, nilipofunua ukurasa, walikuwa wanatafuna viatu.

Cha pili nilikipata Darajani, kimeloa pembe.
Cha tatu alikileta Khatibu kutoka Maskati.
Cha nne mpaka cha nane nimevisoma kwenye simu iliyopasuka kioo,
ndiyo maana kwangu mie, hadi leo,
mji mkuu wa zile falme una ufa katikati.

Halafu ikaja tamthilia.
Shaame akaitia kwenye flashi, msimu mzima shilingi elfu,
tukanunua Tukuza, tukafunga mlango.
Akatokea Sarahani: kijana, meno meupe, shavu laini.
Shangazi akasogea mpaka pua ikagusa kioo.
"Kovu lake liko wapi?"
Hawakulitia.
"Basi siye. Huyu wa harusini."
Sehemu ya nne wakamuua.
Siku ile umeme haukukatika.
Aliuzima mwenyewe.

Tuliendelea hivyo hivyo, kwa hasira,
kama mtu anayekula wali wa mchanga
kwa kuwa mchele kanunua kwa pesa yake.
Msimu wa sita wakavipita vitabu,
wakawa wanakwenda tu.
Mwisho daraja likaungua, Mwana Omari akakaa peke yake, zumari likalia.
Barazani vijana walitukana mpaka alfajiri.
Shangazi hakutukana.
"Wamechoka hao, wanataka warudi makwao wakale.
Yule mzee hajachoka. Yule kapotea."
Akatoboa kitobo, akatoboa chengine.
"Lakini angekuwa fundi wangu ningemnyang'anya kitambaa.
Mteja wa Idi hangoji miaka kumi na moja."

Mwaka jana mtoto wa jicho. Tukaenda Mkoani.
Walipomfungua bendeji daktari akamnyooshea vidole: vingapi?
"Vitatu," akasema,
kisha akanigeukia mie: "Kimetoka?"

Sijamwambia kila kitu.
Kurasa ishirini za mwisho za kitabu cha nane sikumsomea.
Nilisema simu imezimeza.
Sarahani yumo humo, hai, yuko katikati ya daraja
na mkono wake umekamata kitu ambacho mwandishi hakukitaja.
Nimekuwa nampa kidogo kidogo, ukurasa mmoja kwa Ramadhani,
mwengine alipofiwa,
nikijidai nimekumbuka jambo.
Zimebaki nne.

Jana aliweka kofia chini.
"Weye na huyo mzee wako
ni wezi wa soko moja."
Akakata uzi kwa meno.
"Soma. Polepole."