Maelekezo kwa Somoe, Atakayeanza Jumatatu

Maji ya ndoo ya bluu ni ya kumwogeshea,
ya ndoo nyeupe ni ya kunywa.
Huku Tandahimba maji tunanunua, usimwage ovyo.
Lakini akijichafua, mwaga. Usihesabu ndoo.

Usimwite mgonjwa. Jina lake Bakili Chilumba,
karani wa mizani pale ghalani
mpaka rundo la magunia lilipoporomoka
msimu wa juzi, likamkuta ameinama na kalamu.
Ndanda walimshona. Ngozi imepona.
Ndani kuna milango bado inafungukia upande usio wake:
kijiko anakiita ufunguo.
Akisema, "Nipe ufunguo," mpe kijiko.
Usimsahihishe, usimcheke.
Au cheka, kama yeye ndiye aliyeanza.

Uji mwepesi humpalia. Ukoroge uwe mzito,
mkalishe wima, kidevu kiiname kidogo,
nusu kijiko, kisha ungoje
koromeo lipande, lishuke,
ndipo uchote tena.
Aliyekutangulia alimlisha kwa dakika nne,
akaosha bakuli, akasema kazi imekwisha.
Kifua kilimuwaka siku tisa.

Malori ya korosho yakipita atasimama
atafute viatu, aseme amechelewa.
Usimvute mkono.
Mwambie ghala limefungwa, leo Ijumaa.
Kwake kila siku yaweza kuwa Ijumaa,
na Ijumaa hupenda kanzu. Mvalishe.

Alikuja bwana mmoja wa ofisini
na fomu yenye visanduku vya kutia vema:
Dawa kwa wakati? Chumba kisafi? Neti ipo?
Nikajibu ndiyo, ndiyo, ndiyo,
na Bakili amekaa pale pale, shati limepigwa pasi,
hakuulizwa hata umeamkaje.
Tulipata alama nzuri.

Wala mimi usinidhanie malaika.
Mwezi wa Rajabu, usiku wa nne bila usingizi,
nilimfunga mguu kitandani kwa kanga
nikaenda kujilaza jikoni.
Alfajiri nikakuta amejifungua mwenyewe,
kanga ameikunja mara nne, pembe kwa pembe,
ameiweka juu ya ndala zangu.
Iko sandukuni. Siivai, siigawi.
Usiniulize imeandikwa nini.

Mkono wa kushoto umnyooshe kidole kimoja kimoja,
taratibu, kama unayefungua ngumi ya mtoto aliyeficha kitu.
Mpe korosho kwenye ungo azichague.
Atachanganya nzuri na mbovu. Mwache achanganye,
sizitegemei hizo korosho.
Ukizungumza na jirani dirishani,
usizungumze kama vile yeye ni kabati.
Anasikia. Maneno hayatoki, lakini yanaingia,
na yakishaingia hayana pa kwenda.

Ujira wako ni kila Jumamosi.
Bei ikianguka mnadani nitakopa mimi,
hutakopwa wewe. Na usianze kazi hujala:
mikono yenye njaa ina haraka,
na haraka ndiyo iliyompalia.
Ukichoka, sema umechoka. Nitakuja.
Nimejifunza kulisema hilo neno,
lilinichukua mwaka mzima.

Halafu kuna hili, ambalo fomu haina kisanduku chake.
Siku moja, huenda si wiki hii,
atakushika mkono, kiganja juu ya kiganja,
atauinua, ataushusha, jicho la kulia amelifumba,
kama alivyokuwa akingoja mshale wa mizani utulie.
Atataja namba.
Usiuondoe mkono mpaka ameitaja.
Iandike kwenye daftari, ukurasa wa nyuma, na tarehe.

Jana mimi nilikuwa kilo sitini na moja.
Akafikiri kitambo,
akasema, "Toa gunia, kilo moja."