Kiti cha Kulia

Saa elfu moja na mia tano zilitimia Jumanne
juu ya Grand Forks, pembeni yangu mwanafunzi
aliyetapika ndani ya glavu yake, akaomba radhi.
Nilitua. Hakuna aliyepiga makofi.

Sasa barua mbili ziko mezani,
nimezigandamiza kwa kikopo cha chumvi
maana dirisha la jikoni halifungi sawasawa
na upepo wa Januari hapa haubishi hodi.

Ya kwanza ni ya Corvane.
Karatasi nzito kama kadi ya harusi.
Jeti za viti sabini na sita, bonasi ukitia sahihi,
kituo Newark; na huko, anasema Tove niliyesoma naye,
chumba kimoja, vitanda vinane, friji moja
yenye mayai yaliyoandikwa majina.
Ukiondoka kabla ya miaka miwili, bonasi unaitapika.
Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza:
Corvane wamenipigia simu mara nne wiki hii.

Ya pili, Souris Air. Ukurasa mmoja,
wino wa printa umefifia upande wa kushoto.
Ndege za pangaboi, viti kumi na tisa,
Minot, Williston, Jamestown, Devils Lake,
miji ambayo usiku, ukiwa juu,
ni makaa ambayo mtu amesahau kuyazima.
Mshahara niliusoma nikadhani wameruka tarakimu.

Nina deni la dola elfu themanini na saba.
Baba aliuza lori la kubebea viazisukari
na hajawahi kuniambia.
Niliona tu bandani doa la oili,
na nafasi kubwa kuzunguka doa.

Lonnie Haugland, aliyepunguzwa kazini mara mbili
na kampuni ambazo sasa ni marehemu,
alinishika mkono wa koti:
"Achana na rangi ya mkia. Tazama tarehe.
Siku utakayoingia darasani ndiyo jina lako.
Chelewa wiki moja, watu arobaini wamekaa mbele yako
na hawatoki hapo hadi wapate mvi.
Wao Krismasi nyumbani. Wewe akiba,
umevaa sare kwenye sofa, simu kifuani."
Darasa la Corvane linaanza tarehe tatu.
La Souris, wanasema, theluji ikipungua.

Basi hesabu imekwisha.
Mtoto wa darasa la nne angeipata.

Ila.

Corvane walikuwa watatu kwenye skrini.
Wakataka nieleze siku niliyoonyesha uongozi.
Nikaeleza. Wakaandika.

Kule Minot, rubani mkuu Arlys Dockter,
doa la kahawa kwenye tai, buti hazijafungwa kamba,
aliuliza: "Mara ya mwisho kujitisha mwenyewe, lini?"
Uongo ulikuwa tayari, umepigwa pasi.
Nikamwambia ya Novemba:
barafu ilivyoota kwenye bawa kama ukungu kwenye mkate,
nami nikachelewa kugeuza ndege dakika nne nzima
kwa sababu mwanafunzi alikuwa ananitazama.

Alinyamaza. Nje mtu alikuwa anakwangua kioo.
"Yangu," akasema, "ilikuwa Alhamisi."

Kiti cha rubani msaidizi ni cha kulia.
Cha kulia upande, cha kulia machozi, cha kulia mkate:
neno moja, na sijui naomba lipi.

Niko garini mbele ya posta,
nyuzi thelathini chini ya sifuri, karatasi juu ya usukani,
ule ukurasa mmoja uliofifia.
Labda Lonnie hatanisalimu. Labda kufikia kiangazi
nitakuwa nahesabu sarafu za dobi.
Kalamu haiandiki, wino umeganda.
Kalamu yenyewe ni ya Corvane, waliigawa bure.
Naitia kwapani, nabana mkono,
nasubiri
kama mtu anayepimwa homa.