Simba Mahali pa Kinubi

Kiko kililala ndani ya kopo la Kimbo
tangu mikono ya babu, tangu mikono ya baba,
na sasa wakili Amimo amekiweka kiganjani
akikipima kama kuku wa sikukuu.
Kariokor, saa nne asubuhi. Gundi, ngozi mbichi,
washona viatu wakigombania soketi moja.
Amevuta taa yangu bila hodi,
amebandika lenzi jichoni.

"Dublin," akanong'ona,
kama mtu aliyemtaja mchumba wa zamani mbele ya mkewe.

Akanihadithia, na mkono wake ukawa mpole.
Kwamba huko, kwenye baridi na mvua isiyo msimu,
fundi mmoja alichoshwa na maji machungu ya tumbaku
yapandayo mrijani hadi ulimini,
akachimba kisima chini ya bakuli la kiko,
kidogo, cha kutosha machozi ya mtoto.
Unyevu ukatumbukia humo, moshi ukapita mkavu.
Kisha akatoboa mdomo wa kiko kwa juu
moshi urambe kaakaa, uusamehe ulimi.
"Ni hilo tu," akasema. "Mtu aliyewahurumia wavutaji."

Mimi sivuti. Hata mvutaji wa Nairobi leo
hutafuta kibanda cha moshi kama mtu mwenye deni,
askari wa kanjo wakimchungulia.
Lakini mti naujua. Nikamwambia:
huu si mti wa Ayalandi. Ni nundu la mzizi,
lilichimbwa milima mikavu ya Aljeria,
likachemshwa, likaanikwa gizani miaka
hadi likasahau maji.
Nundu hukua pale mti ulipoteseka.
Akanitazama, mara ya kwanza, kama fundi.

Na mwenyewe? Aliitwa Kilbride,
karani wa telegramu pale stesheni.
Kilimponyoka relini, pete ya fedha ikapasuka.
Akamletea babu yangu Munyoki,
mchonga vinyago aliyefundishwa ufuaji na njaa.
Kipande cha katoni kipo bado, kwa penseli:
Kilibraidi. Pete. Sh. 3. Ijumaa.
Ulikuwa mwaka wa vipande na misako,
watu wakihesabiwa kama mifuko ya simiti.
Ijumaa hiyo haijafika.

"Elfu arobaini," alisema wakili.
Nikaiona karo ya Kasyoka, muhula mzima, na viatu juu yake.
Kisha akageuza pete kwenye mwanga, akanyamaza.
"Hapa pangekuwa na kinubi chenye taji,
mwanamke aliyeketi, na herufi ya mwaka.
Mimi naona... mkia."
Akaangua kicheko. "Mkia, Ndunge!
Hii si pete yenyewe. Elfu sita, na ni huruma."

Nikaomba lenzi.
Mkia, kweli. Na mbele ya mkia, manyoya ya shingo,
na nyuma vilima viwili vilivyobonyezwa na nyundo:
simba wa shilingi ya zamani,
ametobolewa tumboni, akanyooshwa polepole
hadi akaizunguka shingo ya kitu cha mgeni bila kuing'ata.
Babu alidai shilingi tatu
na moja akaivisha kazi kabla hajalipwa.
Nikaona pia mikwaruzo mitatu ya tupa, imelala kushoto.
Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba alikuwa na shoto.
Nikautazama mkono wangu ulioshika lenzi.

Kuvunja koleo si mwisho wa uhunzi, husema wahenga;
hawakusema pete ya pili huuzwa bei gani.

Wakili alikuwa ameshatoa noti, anazihesabu mara ya pili.
Nilikipuliza kiko. Kikapiga mluzi, mkavu, safi,
kisima chake bado kinaipokea pumzi.
Nikakirudisha koponi, na katoni yake.
"Njoo Ijumaa," nikamwambia.