Betri Zilizochoka

Wimbo wa kwanza nilijifunza kwa kaseti ya Msellem,
Wete haina umeme siku ya tatu, betri zimechoka.
Wale wazungu na gitaa zao wakakokota sauti
kama wachukuzi chini ya magunia ya karafuu,
nami nikawafuata, hatua kwa hatua,
uzi wa sita nimeuchomoa kwenye breki ya baiskeli,
vidole vimechanika, navipaka mafuta ya makonyo vife ganzi.
Mama akauliza: "Hilo lidude lina homa?"

Mwaka wa pili, Chake, kwa fundi redio,
nikausikia: mbio, sauti juu, kama unafukuzwa na nyuki.
"Ndo wenyewe huo," fundi akasema.

Sikubisha.
Nilirudi nyumbani nikaupiga wenyewe,
mzito,
unanukia makonyo.