Tanuri la Wasiolala

Saa nane za usiku Soroti imelala.
Lile jiwe limesimama juu ya mji
kama mlinzi aliyesahauliwa zamu.
Sisi watano tunakanda.

Hakuna aliyetufunza biashara. Ilikuwa hesabu ya Drani,
sajini mstaafu wa Maracha:
usingizi umetukataa,
na mkate hupikwa usiku.
Basi.

Baluku anapima unga. Ana vidole saba;
vile vitatu, husema, viko Mogadishu
vinangoja marupurupu.

Okiror hufunga mlango wa tanuri kwa mikono miwili,
taratibu, kama anayelaza mtoto,
tangu usiku ule wa kwanza ulipojibamiza
tukajikuta sote chini ya meza,
unga ukitudondokea vichwani,
wazee wa mvi kwa dakika moja.
Hatukucheka.
Tulicheka baada ya miezi mitatu,
tena Wabwire alianza peke yake, akashindwa kunyamaza,
mpaka kicheko kikageuka kitu kingine
na tukamwachia nafasi.

Mimi nilikuwa mtu wa redio.
Kila saa tisa na dakika kumi kuna kijana wa Kapchorwa ananiita.
Nilimjibu. Nakwambia nilimjibu.
Mitambo ilikuwa imejaa mchanga.
Saa hiyo ikifika wenzangu hawaniulizi kitu,
hunisogezea donge kubwa zaidi,
nami nalipiga ngumi mpaka lilainike.

Tunaongea Kiswahili, hatuna kingine cha kugawana.
Kiswahili cha kambini, kisicho na ngeli wala haya:
leta hapa, kitu yako wapi, lala chini.
Tulikabidhiwa siku moja na buti,
na kama buti, hakuna aliyetuuliza kinabana wapi.

Kwa jirani yetu Asekenye lugha hiyo ilifika usiku,
mwaka ng'ombe waliposwagwa,
na haikubisha hodi.
Basi aliposikia ng'ambo ya ukuta wake
"Sukuma! Geuza! Moto! Moto!"
alisogeza kabati mlangoni
akakesha kitandani, panga mapajani.
Usiku saba.

Siku ya nane alikuja kabla ya jua, panga mkononi.
Akauliza kwa Kiateso, Okiror akafasiri kwa sauti ya chini:
"Anataka kuona huo moto."
Drani akafungua tanuri.
Alitazama sana. Akatutazama mmoja mmoja,
vumbi jeupe kwenye nyusi zetu.
Kisha akachukua boflo la moto, akalikata kwa panga lile lile,
akatafuna, akasema
chumvi haitoshi.

Tangu hapo huja. Hukaa juu ya debe karibu na mlango,
haulizi nani alikuwa wapi mwaka gani.
Mmoja wetu ana umri wa kutosha kuwa na la kumwambia.
Bado anapima maneno.

Juzi, saa tisa na dakika kumi, ngumi zangu hazikutosha.
Donge lilichanika. Magoti yalinikimbia.
Sikumwona akiinuka; nilihisi kiganja kwenye kisogo
na neno la Kiswahili, pengine la pekee alilobaki nalo:
"Lala."

Lala. Nimelipiga kelele neno hilo
barabarani, milangoni, juu ya migongo ya watu.
Sikujua kwamba likiachwa hivyo, bila chini,
ndilo kina mama huwaambia watoto.

Nililala juu ya magunia mpaka jua likanikuta.
Mikate ya upande wa kushoto iliungua.
Drani aliiuza nusu bei, akarudi ananung'unika,
akanifunika gunia lingine.