Mpaka Saa Nane Usiku

Kibanda cha video pale Mwanga, nyuma ya mashine ya kusaga,
kiingilio shilingi mia, watoto tumebanana mikekani,
na kijana Hamenya kashika maiki
anatutafsiria picha ya zamani, isiyo na rangi,
ya mabaharia wa meli ya mizigo katika vita vya wazungu.

Kiingereza hakijui sana, tunajua sote.
Nahodha kamwita Bwana Stima,
mpishi kamwita Kapilipili,
na bahari ile, mawimbi yake kama mabati yaliyong'olewa na upepo,
akasema, "Hapo ni karibu na Kalemie, wapenzi watazamaji,"
tukacheka.

Baba hakucheka.
Alikaa kwenye kreti ya soda karibu na mlango,
kofia magotini,
kwenye kucha ule weusi wa injini
ambao sabuni ya mawese imeshindwa nao miaka saba.

Mwanzoni alinung'unika tu.
Hakuna fundi wa injini mwenye shati jeupe namna hiyo.
Kengele ikilia vile huulizi, unafunga valvu.
Nani kamruhusu yule kuvuta sigara sitahani?

Kisha ikafika sehemu ile
taa zote za meli zinazimwa.
Nyuso tu, nusu nusu.
Mpishi anamwinamia kijana kwenye ngazi, anasema neno,
midomo inacheza, kanda imekwaruzika,
na Hamenya, aliyekuwa na neno kwa kila kitu,
akakosa.

Tukasikia mahindi ya watu yakisagwa.

Ndipo sauti ikatoka mlangoni, wala si kubwa:

"Anamwambia, Songoro, panda juu.
Anajibu, nikipanda, pampu atashika nani?
Anamwambia, chumvi yenyewe si yetu.
Anajibu, najua."

Tuligeuka. Hamenya akashusha maiki,
kisha ikapita mkono kwa mkono,
waya ukiburutika juu ya vichwa vyetu,
hadi kwa baba.

Aliishika kama tochi.
Akaendelea kutafsiri picha ambayo hatukuiona:
magunia mia nne ya chumvi ya Uvinza kwenda Uvira,
mwaka ule ng'ambo kulipowaka,
taa wamezima wapite kama migebuka,
hata redio ya mpishi imeviringwa blanketi,
na boti isiyo na jina iliyokuja, haikuuliza kitu.
Matundu matatu, chini ya mstari wa maji.
"Chumvi ikilowa," alisema, "meli haizami kama meli.
Inayeyuka upande mmoja."

Kwenye skrini wazungu walikuwa wameshaokolewa.
Wakapewa chai. Bendi ikapiga,
mtu mwenye kofia akawabandika kitu kifuani.
Hamenya akanyoosha mkono kuomba maiki yake.
Baba hakumwona.

"Sisi kampuni ilitukata magunia.
Mshahara wa Songoro ulihesabiwa
mpaka saa nane usiku,
maana baada ya hapo, karani aliandika,
hakuwa kazini."

Njiani, tukishuka kuelekea stesheni,
aliniuliza ile picha inaitwaje.
Sikujua.
Akasema kesho twende tena, tuwahi,
mwanzo hakuuona.