Namba Tatu

Singano, namba ya tatu, goti lilimkatika,
Mkwakwani, penye watu, mluzi ukasikika,
Timu isimpe kitu, ila fimbo ya kushika,
Aliuza na viatu, kodi ilipomfika,
Akarudi Ngamiani, kwa dada, chumba cha nyuma.

Kwa kalamu ya mpwawe, akaandika jikoni,
Hataki asumbuliwe, wali waungua chini:
"Nguzo yangu ndiwe wewe, ukaniacha njiani."
Kundi likataka iwe taarabu harusini.
Noti hadi sakafuni, mabibi wamesimama.

Kila mke ana wake, anayemwimbia hasa,
Mpangaji, shoga yake, mume aliyemtesa.
Yuko nyuma, peke yake, soda yake hajagusa,
Singano ashika lake goti, akilipapasa:
"Umeimbwa, we mwandani, sasa acha kuniuma."